Mpika Mkojo

Sista wa kliniki aliniomba nisimame mbele ya kina mama niwaeleze vile nilivyoishi na sukari nikiwa na mimba. Nilisimama. Nikaangalia viatu vyangu, nikaona kamba ya mguu wa kushoto imefunguka, nikaketi tena. Mama mmoja akacheka, si kwa ubaya. Sista akasema, "Basi kaandike. Nitawasomea mimi."

Ndiyo naandika. Tangu darasa la saba nimezoea kuandika mambo ya siku yangu jioni, kwa hivyo hii si ngumu kama kusimama.

Kama unasomewa haya na umekaa kwenye lile benchi la kijani karibu na dirisha la dawa, sogea kidogo kulia. Upande wa kushoto kuna msumari. Ulinirarulia leso, na niliporudi tena nikausahau, ukanirarulia nyingine.

Sitawaeleza ugonjwa wenyewe ni nini. Daktari yuko kwa hiyo, na mimi hata nikielezwa husahau. Nitasema tu vile ilikuwa.

Ilianza na sisimizi. Nilikuwa Form Three, shule ya bweni. Kiu ilinishika, nikawa nakunywa maji kwenye mfereji mpaka tumbo linasikika likicheza kama mtungi. Mikono ikakonda, mashavu yakaingia ndani, na bado sketi ilikataa kufunga kiunoni. Kwa nini sketi inakataa nilijua mwenyewe. Sisimizi ndio sikuwaelewa. Asubuhi tulikuwa tukijisaidia nyuma ya bweni kwenye nyasi, kwa sababu choo kilikuwa na foleni, na mahali pangu ndipo sisimizi walipojipanga mstari.

"Mghoi," rafiki yangu Wakesho aliniambia, "wewe unakojoa nini, chai?"

Wasichana wakacheka. Nami nikacheka. Wiki hiyo nilianguka kwenye mstari wa asubuhi, matroni akanipeleka hospitali, na siku hiyo hiyo nikapewa habari mbili. Una mimba. Una sukari. Ile ya kwanza ndiyo iliyonifukuzisha shule. Ile ya pili hakuna aliyeiuliza.

Aliyenipa mimba sitamwandika sana. Alikuwa kijana wa reli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika wafanyakazi walihamishwa huku na huku, naye akahamishwa, basi.

Baba yangu pia ni mtu wa reli, hapa stesheni ya Voi, na nyumba yetu iko Kaloleni, hapa hapa mjini. Hakunipiga. Aliacha tu kunitaja jina. Akawa anasema na mama, nami nimekaa hapo hapo: "Mwambie huyo mtu afunge vitu vyake aende Chawia kwa nyanyake." Mama ananigeukia, ananiambia, kana kwamba nilikuwa chumba kingine.

Nilitaka kulia, lakini haikuja. Miezi ile yote nilikuwa kama mguu uliolaliwa. Unaugusa, unaona kabisa unaugusa, lakini hausemi kitu.

Nilipanda Chawia, huko milimani, pamoja na mvua za vuli. Nyanya, mamake baba, anaishi huko peke yake na mahindi yake na migomba. Mizinga ya marehemu babu bado inaning'inia nyuma ya jikoni, na nyuki wanaendelea na kazi kama hawajaambiwa mwenyewe alikufa. Nyanya hakuniuliza chochote. Alinionyesha kitanda, akanionyesha mahali ukungu hupitia ukutani asubuhi, akasema nitie kitambaa hapo.

Kliniki ilikuwa Alhamisi. Tuliteremka mpaka Mwatate kwa miguu, halafu basi mpaka Voi. Mara ya kwanza Nyanya alinisindikiza, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Kusubiri ndiko kliniki yenyewe. Unasubiri kadi, unasubiri mizani, unasubiri kuitwa ukojoe kwenye kikopo, halafu unasubiri kikopo kijibu. Karibu yangu kwenye benchi alikaa Mama Zuhura, mwanamke mnene wa hapa mjini, mimba yake iko mbele kuliko yangu. Aliniangalia kwa muda.

"Wewe mwana wa nani hata ukapata maradhi ya wazee?"

Nyanya akajibu kwa niaba yangu: "Wangu."

"Basi karibu, mwanangu. Sisi wa sukari hatuna haja ya mgeni. Sisimizi wanatutembelea."

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu mwingine akiwataja sisimizi.

Sista alitufundisha sisi wawili pamoja. Alileta chungwa na bomba la sindano la kioo, akatuonyesha vile unachemsha bomba kwenye sufuria, vile unavuta insulini bila kuvuta hewa, vile unadunga bila kuogopa. Tulidunga chungwa mpaka likawa linatoa machozi.

"Chungwa ni mgonjwa mzuri," Mama Zuhura alisema. "Halisemi aa."

Halafu paja langu mwenyewe. Nilitarajia maumivu. Kulikuwa na kitu kidogo, kama mtu amekuita kutoka mbali.

Tukafundishwa kupima. Unatia matone ya mkojo kwenye kichupa kirefu cha kioo pamoja na dawa ya buluu, unachemsha. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, angalia. Ikiwa manjano, hatari inakuja. Ikiwa nyekundu kama tofali, imefika. Na chupa ya insulini haitaki joto; kama huna friji, na nani ana friji, unaifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka kwenye mtungi wa maji.

Sista hakutuficha. Alisema rangi ikikaa nyekundu, mtoto ananenepa ovyo tumboni, na mwezi wa mwisho anaweza kuacha kucheza. Akacheza leo, kesho asicheze tena. Mama Zuhura aliinama akawa anakunja ncha ya buibui lake. Kwenye benchi tulipotoka aliniambia, "Mimi baada ya Zuhura, wawili niliwazika hivyo. Huyu wa tatu nataka kumsikia akilia." Alisema kama mtu anayesema bei ya unga.

Nami nilijua ninachotaka. Sikukitaka kwa nguvu, mwili haukuwa na nguvu ya kutaka. Lakini nilikijua. Nilitaka mtoto awe anacheza mpaka mwisho.

Sasa sikilizeni hapa. Sista alipokuwa akieleza, alisema, "Sukari yake inatoka kwa mkojo." Kiswahili cha Nyanya ni cha sokoni. Akanishika mkono, akaniuliza kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, kama amesikia vizuri, kwamba inatoka. Nikamwambia ndiyo, inatoka. Akatikisa kichwa polepole. Hakuuliza tena.

Maisha ya Chawia yakawa ya kichupa. Asubuhi kabla ya kula, na jioni kabla ya kula, nilikaa karibu na meko nikichemsha mkojo wangu mwenyewe. Watoto wa jirani walinipa jina, Mpika Mkojo. Walisimama mlangoni wakaimba. Nyanya aliwajibu bila kuinua macho kwenye chungu: "Na nyinyi kwenu mnapikiwa nini, hata kila saa ya chakula mko mlangoni kwa watu?" Wakaondoka. Walirudi kesho yake.

Nilikula vile nilivyoagizwa. Mahindi na maharagwe kwa kipimo cha bakuli moja, mboga nyingi, chai ya mkandaa, bila maziwa wala sukari. Ndizi mbivu sikugusa, muwa sikugusa. Na kila asubuhi Nyanya alinichemshia mizizi yake, dawa chungu sana, ya kukunja uso. Nilikunywa kwa moyo mmoja, kwa sababu pale benchi kila mtu husema kichungu huua sukari. Hata mimi wa Form Three niliona ina maana. Chungu ni adui wa tamu. Nani atakataa?

Na kichupa kilikaa nyekundu. Vuli ikaisha, maharagwe yakavunwa, joto likaanza kupanda hata huko juu, na rangi ni ile ile ya tofali. Sista aliongeza insulini. Nyekundu. Akaongeza tena.

"Mghoi, unakula nini?"

"Vile uliniambia, Sista."

"Mkojo hausemi uongo."

Nilinyamaza. Mtu mwenye haya akinyamaza watu huona amekubali. Nilimsikia akimwambia mwenzake hawa wasichana wa shule ni hivyo. Nje Mama Zuhura akaninong'oneza, "Niambie mimi. Unaiba peremende?"

"Siibi."

"Wallahi?"

"Sili hata ndizi."

Akaniangalia, akaamini. "Basi kuna mtu anakulisha," akasema, akacheka. Alikuwa anatania.

Alhamisi iliyofuata hakuwepo. Niliuliza kwenye dirisha, wakaniambia nikae nisubiri zamu yangu. Nilikaa upande wa msumari nikaangalia mahali pake.

Asubuhi moja ya baridi nilipata kichefuchefu, nikaiacha dawa ya Nyanya kwenye kizingiti, nikaenda nyuma ya nyumba kutapika. Niliporudi, kikombe kilikuwa na wageni. Walitoka kwenye ufa wa ukuta, wakapita kizingiti, wakapanda kikombe, mstari mmoja, bila haraka. Nilisimama nikawatazama. Nilikuwa nawajua. Tulijuana tangu nyuma ya bweni.

Nikachukua kichupa changu. Nikatia dawa ya buluu, na badala ya mkojo nikatia matone ya ile dawa chungu. Form Two mwalimu wa biolojia alitufanyisha hivyo kupima sukari ya chakula, kila kundi na chakula chake. Nyanya alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharagwe.

"Leo mkojo umekuja mapema," akasema.

"Si mkojo. Ni dawa yako."

Tukaangalia wote. Buluu ikawa kijani. Kijani ikawa manjano. Halafu tofali likashuka polepole mpaka chini ya kioo.

"Nyanya, umetia nini humu?"

"Mizizi."

"Na nini?"

Akatupa jiwe alilolikuta kwenye maharagwe. "Asali kidogo."

"Kwa nini?"

"Yule Sista alisema mbele yangu. Nikakuuliza, ukasema ndiyo. Sukari inatoka. Kitu kikimtoka mtu unakirudisha. Mtu akitokwa na damu humpi supu? Aliyejifungua humpi uji? Mimi ningekaa hapa nikuangalie ukiisha?"

"Na mizizi?"

"Mizizi ni ya kufukuza ile mbaya. Asali ni ya kurudisha ile nzuri."

Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Nilijua ningekasirika kama ningekuwa na mahali pa kukasirikia. Nilikaa chini. Nikamwonyesha mtungi ambamo chupa yangu ya insulini ilikuwa imelala.

"Nyanya, mtungi ukimwaga maji, umepungukiwa?"

"Umejaa."

"Mimi nimejaa. Ndiyo maana inatoka."

Alichochea moto. Halafu akasema, "Basi kwa nini hukusema imejaa? Ulisema inatoka."

Nikamwaga kikombe nje, pamoja na sisimizi wake.

Nyanya aliinuka, akachukua kibuyu cha asali, akapanda kigoda, akakitundika juu kabisa kwenye boriti ya dari, halafu akakitoa kigoda nje. Akarudi akaniuliza, "Na mtoto?"

"Sijui."

Akaweka mkono wake juu ya tumbo langu. Tangu nije hakuwa ameligusa. Tulisubiri. Mkono ulikuwa na vumbi la maharagwe. Ilichukua muda, mpaka nikaanza kuangalia mlango.

"Amenipiga teke," Nyanya akasema. "Amekasirika nami."

Baada ya hapo yeye ndiye alikuwa wa kwanza kwenye meko. Hakuenda shule, lakini rangi alizisoma. Siku ya kijani alisema, "Leo majani." Siku ya kwanza ya buluu alikiinua kichupa kwenye mwanga wa mlango, akasema, "Anga," akakipeleka nje kuwaonyesha watoto wa jirani. Wakaja kuangalia. Wakarudi kwao wakilia wapikiwe mkojo wao.

Masika ilipokaribia, nilishushwa Voi niwe karibu na hospitali. Joto la Voi mnalijua. Mtungi ulihamishiwa chini ya kitanda, na mama alifunika na gunia lililoloweshwa. Miguu yangu ilivimba mpaka nikawa navaa ndara za baba. Hakusema kitu kuhusu ndara. Alipita akaziangalia, akaenda kazini na viatu.

Siku moja mchana, mama alikuwa ameenda sokoni na chakula kikachelewa. Nilikuwa nimeshajidunga. Baba alikuwa ametoka zamu, amekaa mezani na chai yake, ambayo yeye huinywa tamu mpaka kijiko kinasimama. Nilianza kutokwa na jasho baridi. Mikono ikatetemeka. Nikaona mdomo wa baba unacheza na sauti inakuja nyuma yake. Nikamwambia kengele imelia, nichelewe kwa nini. Hayo aliniambia baadaye.

Ninachokumbuka ni kikombe kwenye meno yangu.

"Mghoi. Mghoi. Kunywa."

Nikanywa chai yake yote. Chumba kikarudi polepole, meza, kalenda ya reli ukutani, uso wake.

"Nimekuua?" akauliza. "Si ulikatazwa?"

"Ikishuka ni lazima ninywe. Sista alisema niwaambie. Sikuwaambia." Ukweli ni kwamba hatukuwa tunaongea.

Alifikiria. "Kwa hivyo ikizidi, hatari. Ikipungua, hatari."

"Ndiyo."

"Kama mvuke wa injini," akasema. "Ukizidi unapasua boila. Ukipungua hupandi mlima, unabaki porini na ndovu."

Hakuna mtu aliyenieleza ugonjwa huu vizuri hivyo. Tangu siku hiyo alitembea na glukosi mfukoni mwa sare, imefungwa kwenye karatasi. Maneno mengine hakusema. Lakini alikuwa ameniita kwa jina.

Nililazwa wadi kabla ya wakati, kwa sababu Sista hakutaka mwezi wa mwisho unikute nyumbani. Kulala wadi ni kazi ya kusikiliza. Kila asubuhi kabla sijafungua macho nilisikiliza kama anacheza. Akicheza nafungua macho. Siku moja hakucheza mpaka uji ukapita, na wali ukapita, nami nilikuwa nimeangalia ukuta tu. Sikuogopa, na huko kutoogopa ndiko kulikonitisha. Halafu akageuka, mzito, kama mtu anayegeuka kitandani. Nikaomba uji wangu. Ulikuwa umeshapoa.

Saa ya kutembelea wagonjwa, mlango ukajaa. Alikuwa Mama Zuhura, na mgongoni ana mtoto.

"Ulidhani nimekufa?" akasema. "Nilizaa, mwanangu. Sikiliza." Akamfinya mtoto kidogo mguu, mtoto akalia kwa hasira. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi."

Wangu alitolewa kwa operesheni mvua ikinyesha juu ya mabati. Nilipoamka nilisikia kilio, halafu kikakatika. Nyanya alikuwa kando ya kitanda na kitambaa chake cha kanisani. Mama alikuwa nje na baba. Mtoto aliletwa, msichana, mnene mwekundu kama mtu aliyekula harusini, lakini mlegevu, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Niliutambua ule mtetemo. Ulikuwa wangu.

Sista akasema, "Sukari yake imeshuka. Ndani alizoea ya mama, sasa imekatwa." Akachanganya glukosi kwenye kikombe. Mama mwingine alikuwa akipiga kelele kitanda cha pembeni, na Sista alikuwa peke yake. Akamgeukia Nyanya. "Nyanya, nawa mikono. Mpe hii kwa kijiko, kidogo kidogo. Nakuja."

Nyanya alinawa. Akachukua kikombe. Akatia ncha ya kidole, akaonja, na uso wake ukabadilika.

"Ni tamu," akaniambia.

"Ndiyo."

Hakumpa. Aliangalia kikombe, akaangalia mtoto anayetetemeka, akaangalia mlango ambao Sista alipitia. Sijawahi kumwona Nyanya akiogopa kitu. Akaniinamia karibu kabisa.

"Mghoi. Hii ni ile ya kurudisha, ama ni ile ya kujaza?"

"Ya kurudisha, Nyanya. Mpe."

Akampa. Kijiko kikagonga ufizi, nikasikia. Mtoto akalamba. Akanyamaza kama anayefikiria, halafu akafungua mdomo tena. Kijiko baada ya kijiko, mpaka mikono ikatulia, mpaka akakasirika, mpaka akalia kilio cha kweli hadi baba akachungulia mlangoni.

Ndipo ule mguu uliolaliwa ukaanza kuamka. Mnajua vile mguu huuma ukiamka. Nililia mpaka mshono ukauma, na Nyanya alinifuta uso kwa kitambaa cha kanisani bila kuacha kijiko.

Sasa mtoto ana meno ya mbele na anapenda kuuma. Mimi bado nadunga, bado napika mkojo wangu. Watoto wa Chawia hawakubadilisha jina.

Ni hayo tu. Leo mtarudi nyumbani, na wa nyumbani watawauliza Sista amesema nini. Msiwaambie inatoka. Waambieni imejaa.